Waacheni Wachupe, na Wasichana Nao Wafundisheni

Haupiti muda Forodhani bila ya mtu kusimama akataka wale watoto wa makachu waondoshwe. Mara ni mzee aliyerushiwa maji akaroa kanzu, naye ndio kwanza anakwenda msikitini. Mara ni mwenye biashara anayelalamika kuwa wanamzongea wageni. Mara ni mama wa Fuoni ambaye pwani ile huiona kwenye simu tu, na kilichomtia hofu ni picha ya kitoto kilichoganda hewani, kichwa chini miguu juu, ukuta wa mawe uko nyuma yake. Sababu zao mbalimbali, hukumu yao moja: watoto warudi kwao. Mimi nimesomesha watoto wa mji huu mpaka nikastaafu, na rai yangu ni kwamba wabaki. Tena naona hawatoshi, maana wanaochupa pale karibu wote ni wavulana.

Kwa msomaji wa Bara ambaye hajafika, makachu ni kuchupa baharini kutoka ukuta wa bustani ya Forodhani, hapa Unguja, jioni, maji yakiwa yamejaa. Mtoto hutoka mbio ndani ya bustani, akafika ukingoni akajirusha, na akiwa hewani hujikunja na kujipindua, kila mmoja na mtindo wake. Aliyeruka vizuri hushangiliwa hata na wauza miwa, ambao kwa kawaida hawana muda na mtu asiyenunua.

Nendeni siku ya bamvua, saa kumi na moja za jioni, muweke simu mfukoni, mtazame kazi inavyokwenda. Kabla ya yote, mkubwa wao mmoja huingia majini peke yake, akapiga mbizi, akaibuka na kuwaambia wenzake kina kimefika wapi na boti ipi imetia nanga karibu mno. Asiporidhika yeye, wadogo hawaruki. Karibuni nilimwona kijana wa miaka kama kumi na sita akimfundisha mdogo wake wa miaka tisa hivi. Hakumwambia aruke. Alimwekea kandambili mahala pa kuanzia mbio, akamhesabisha hatua, akamrudisha, akamhesabisha tena. Hatua ya mwisho ikawa inaangukia mguu wa kushoto, naye anautaka wa kulia. Kandambili ikasogezwa nyuma shibri moja. Akamsugua nyayo kwa mchanga zisiteleze. Yule mdogo akaja mbio, akafika ukingoni, akasita. "Rudi," akaambiwa. "Ukisita usiruke." Hakuna aliyemcheka. Akarudi, akaja tena, safari hii akaenda, akaingia majini kwa tumbo, akatoka macho mekundu anacheka na kulia kwa pamoja, na kandambili ikawa inamngojea mwengine.

Nimekaa kwenye semina nyingi za mbinu za kufundishia, na posho nikachukua. Sikumbuki hata moja iliyonionyesha somo lililopangwa vizuri kuliko lile la kandambili.

Jirani yangu, mzee wa barazani, hanikubalii. "Mwalimu," huniambia, "hawa hawana wazee. Zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima." Nampa nusu ya haki yake. Sokomuhogo niliyokulia mimi ilijaa watoto. Nyumba moja ya ghorofa ilikaa familia tatu nne, na uchochoro ulikuwa wetu. Asubuhi skuli, mchana chuoni kwa maalim wa Kurani, alasiri mdako, nage, gololi na kibe mpaka adhana ya magharibi itutawanye. Wavulana walirusha tiara juu ya mapaa, wakagombana kwa nyuzi zilizokatana. Ukifanya utovu wa adabu, mtu mzima yeyote aliyepita alikupa kofi lako, na ukenda kushitaki nyumbani ulipewa la pili. Sikukuu tulivishwa nguo mpya, tukapita nyumba kwa nyumba kukusanya mkono wa Idi. Wazee wenye nafasi waliwapeleka watoto wao Capital Art Studio wakapigwa picha, wamesimama wima, hawacheki, kama walioitwa polisi. Kisha fedha yote ikaishia Mnazi Mmoja, kwenye pembea na malai.

Uchochoro ule leo una hoteli mbili na duka la vinyago. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu hapo nyumba baada ya nyumba imegeuzwa kuwa ya wageni. Ghorofa iliyokuwa na watoto ishirini sasa ina vitanda vya Kihindi vyenye vyandarua vyeupe, na wajukuu wa waliokaa mle wako Mwanakwerekwe, Kiembesamaki na Fuoni. Barazani hili halitajwi. Wazee husema watoto wameharibika, wamepotea, hawaonekani, kana kwamba watoto ndio waliouza nyumba. Wengi wa wanaochupa Forodhani hupanda daladala kutoka Ng'ambo au huja kwa miguu, na mimi naliona hilo jambo la kushukuru: bado kuna watoto wanaorudi mjini kucheza.

Ila hiyo "zamani" ya jirani yangu ilikuwa ya mtoto gani?

Hatua chache kutoka bustanini, barabara ya Mizingani, palikuwa na Beit al-Sahel. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameusimulia utoto wake katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1886. Alifundishwa kupanda farasi, akacheza katika mabustani ya majumba ya baba yake, akasomeshwa Kurani mbele ya mwalimu mwenye fimbo. Kuandika hakukuwa kwa wasichana. Akajifunza kwa siri, ananakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Huyo ni mtoto wa mfalme. Katika mji huohuo watoto wa rika lake wakisimamishwa sokoni, wakafunguliwa midomo watazamwe meno. Soko lilifungwa Juni 1873. Wasichana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa walipelekwa Mbweni kwa wamisionari wa Kianglikana, wakafundishwa kusoma, kushona na sala za dini mpya. Magofu ya skuli yao yapo mpaka leo. Wale hawakuwa na mtaa uliowaita wanangu.

Au litazameni lile jengo lililo mwanzo wa bustani, ambalo barabara hupita chini yake. Waingereza walilifanya klabu yao, na klabu ya namna ile mtoto hakanyagi. Baadaye likawa skuli ya watoto wa Kihindi, maana enzi hizo kila kabila lilisomeshwa kivyake. Kisha likawa nyumba ya watoto mayatima, kwa miaka mingi sana, mpaka watoto wakahamishiwa Mazizini. Nimelipita chini yake tangu nikiwa na shanta mgongoni. Kila utawala uliokuja uliamua upya ni mtoto wa nani anayestahili kuwamo mle, na sina habari kama kuna mtoto aliyewahi kuulizwa.

Bustani yenyewe nayo haikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Iliandaliwa mwaka 1936 kwa jubilii ya Sultani Khalifa, na kibanda cha beni katikati. Ilichakaa, ikatengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa tena Julai 2009 ikiwa na taa, mabenchi na ukuta wa bahari uliokarabatiwa. Wahandisi walipiga hesabu za mawimbi. Watoto wakaupima ukuta kwa miguu, wakaona umbali wa mbio unatosha.

Mimi ni mtoto wa Septemba 23, 1964. Siku ile Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo nilikuwa nimetimiza miaka sita, na mwaka uliofuata niliingia darasa la kwanza na watoto ambao mama zao hawakuwahi kushika kalamu. Sitasahau fadhila hiyo wala sitaki mtu aisahau. Lakini serikali ilipotupa skuli ilituhesabu kuwa wake pia. Tulikuwa taifa la kesho, na taifa la kesho lina kazi: gwaride, mashamba ya skuli, msimu wa karafuu. Baadaye, nikiwa mwalimu, nimewapeleka watoto kwenye mazoezi ya halaiki uwanja wa Amaan, wiki kwa wiki, jua la utosi, ili siku ya Mapinduzi waandike jina la nchi kwa miili yao. Ilikuwa nzuri kutazama kutoka jukwaani. Katika msitari ule hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuwa na mtindo wake.

Halafu ikaja haki ya mtoto. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991, na Zanzibar ikatunga Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, ambayo mwaka 2015 ilipata tuzo ya dhahabu ya World Future Council. Barazani kwetu husemwa kwamba haki hizo ndizo zilizotuharibia watoto, kwamba tangu bakora ilipoanza kuonewa haya ndipo adabu ilipotoka. Sikubali. Nimesomesha kabla na baada. Bakora haikunifundishia mtoto hesabu hata mmoja. Ilinifundishia watoto kukaa kimya, na mtoto aliyekaa kimya kwa hofu ndiye wa mwisho kukwambia kwamba kuna mtu mzima anamfanyia ubaya. Sheria ile ilikuja kwa sababu walikuwepo watu wazima wa mtaa, wale wale wa "mtoto wa wote", ambao mtoto hakuwa salama mikononi mwao. Hilo tulilijua sote, tukalifunika kwa kanga.

Kasoro naiona kwingine. Sheria ilitaka mtoto alindwe, sisi tukaona njia nyepesi ya kumlinda ni kumfungia. Mkataba uleule, kifungu cha 31, unampa mtoto haki ya kucheza, na hicho ndicho kifungu ambacho sijawahi kusikia mzazi akikidai. Siku ya mtoto wa Kiembesamaki leo ni skuli, tuisheni, chuoni, nyumbani, geti, simu. Mkuu wa kaya akiwa na uwezo, Jumapili atampeleka Kariakoo ya hapa Unguja kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto, akakaa pembeni anamchunga. Mjukuu wangu wa darasa la tano, mtoto mwerevu, aliniuliza: "Bibi, tiara zinauzwa duka gani?" Nikamwambia haziuzwi, zinatengenezwa, kwa njiti za fagio la makuti, karatasi na gundi. Akanitazama kwa huruma.

Ndiyo maana makachu yananipendeza. Hakuna shirika lililoyaanzisha, wala chama kilichoyapigia ngoma. Watoto wenyewe wameyabuni, wakayapa jina na kanuni, wakateuana walimu, na wanayafanya hadharani mbele ya macho ya mji mzima, mahala ambapo mtoto akizama kuna watu mia wa kumwona. Nani ana chumba salama kuliko hicho?

Msiniseme kwamba nimependezwa mpaka nimepofuka. Kuna la kuchunga. Wageni wanaotoa elfu mbili tatu kwa picha wamewafanya baadhi yao waruke maji yakiwa yameanza kupwa, kwa sababu mgeni ana boti ya kuondoka na hawezi kungoja maji ya kesho. Nimemwona kijana akirudia mruko mara tano kwa sababu video haikutoka vizuri. Kupiga picha watoto wa Unguja si jambo jipya. Studio za akina Gomes na Coutinho zikiuza kadi za posta zenye sura za watu wa hapa tangu enzi za masultani, na wenye sura hawakupata senti. Afadhali hawa wanadai chao. Ila mtu mzima ana wajibu wa kusimama baina ya mtoto na pesa inayomharakisha, na pale ukutani hivi sasa hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Sasa nije kwenye la wasichana.

Kaka zangu walichupa palepale. Hakukuwa na jina la makachu, palikuwa na "twende tukachupe" tu. Kazi yangu mimi ilikuwa kukalia nguo zao na kuangalia baba asitokee upande wa Ngome Kongwe. Niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu na ujira wangu ulikuwa urojo nusu bakuli. Nilipovunja ungo hata hilo likakoma. Skuli niliendelea, ila uchochoroni basi, pwani ndiyo kabisa. Utoto wa kaka zangu uliendelea mpaka walipoota ndevu. Wangu ulikatwa asubuhi moja, akaitwa somo wangu nikaelezwa mambo. Nimeishi umri wangu wote mahala ambapo usiku nasikia mawimbi, na sijui kuogelea.

Si mimi peke yangu. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Haukupita mwaka, Julai 18, 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe. Katika misiba yote miwili tulizika wanawake na watoto wengi. Kuzidisha abiria ni kosa la wakubwa, na mtoto hapaswi kujifunza kuogelea ili afidie uzembe wa mwenye meli. Na katika mkondo ule hata mwogeleaji hodari hana dhamana. Lakini nilipokuwa nikienda matanga nyumba kwa nyumba, nilijiuliza kisiwa gani duniani huwalea mabinti zake wakubwa wakawa wanaiogopa bahari inayowalisha. Mama aliyelima mwani Paje miaka ishirini, maji yakimfika kifuani huanza kusoma shahada.

Inawezekana kuwa vyengine, na si lazima tutafute mfano mbali. Kaskazini huko Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa na mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, na baadhi ya waliofundishwa wamekuwa walimu wa wenzao. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha wakiwa majini, na picha zile zikapata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Dunia imewaona. Sisi wa mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa daladala, wengi hatujawasikia.

Anayeniambia kwamba dini hairuhusu namkumbusha kitu ambacho masheikh wetu wenyewe hukitaja kwenye mawaidha, usemi unaonasibishwa na Sayyidna Umar wa kuwataka wazee wawafundishe watoto kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi. Farasi waliondoka na masultani, mishale tusamehewe. Bahari ipo. Stara nayo ina njia zake: walimu wanawake, mavazi marefu, na saa ya peke yao. Hayo ni mambo ya ratiba, hayahitaji fatwa mpya.

Ninachokitaka basi si kikubwa. Baraza la Manispaa liwaachie wale wavulana ukuta wao, liweke mlinzi mmoja anayejua bahari, mwenye filimbi na boya, mwenye amri ya kusema leo maji hayatoshi hata mgeni akitoa dola. Wakubwa wa makachu waajiriwe kazi hiyo. Wanaijua kuliko afisa yeyote wa ofisini. Na Wizara ya Elimu iwape wasichana wa darasa la nne asubuhi moja kwa wiki, siku ya maji kujaa, pale ngazini Forodhani au Maruhubi wakitaka faragha zaidi, na walimu waletwe kutoka Nungwi. Wizara itasema haina fungu, nimeifanyia kazi najua itakavyosema. Boti za kwenda Dar es Salaam huondoka bandarini Malindi kila siku zimejaa abiria. Walimu wanne wa kuogelea ni mshahara ambao wenye boti hizo hawatausikia hata mfukoni, na sababu ya kuwalipa wanaijua.